Lugha ya zahanati haifiki chumbani

Kila inapochapishwa ripoti ya hali ya uzazi na afya nchini, msomaji huwekewa ramani ya kaunti, na katika ramani hiyo Kwale hupakwa rangi ya waliosalia nyuma. Kisha hufuata maelezo ambayo tumeyasikia hata tumeyahifadhi kwa ghibu: wanawake wa Kwale hawapangi uzazi kwa kuwa hawajasoma, kwa kuwa dini inawakataza, kwa kuwa mila imewakamata, kwa kuwa waume zao ni wakaidi. Ni maelezo yanayopendeza mno, maana humwondolea lawama kila anayeyatoa.

Mimi si tabibu wala muuguzi. Kazi yangu ni kufundisha isimu, na kilichonipeleka Msambweni, Ukunda na vijiji vya bara kuelekea Kinango ni kukusanya maneno ya watu, si kuwapima damu. Lakini mtu akiketi barazani na kina mama kwa siku kadhaa akiwauliza majina ya vitu, hatimaye mazungumzo huishia penye uzazi, na hapo ndipo nilipoanza kutega sikio kwa makini zaidi. Ninalodai katika makala haya ni kwamba mwanamke wa pwani ya kusini hupewa huduma kwa maneno asiyoweza kuyachukua hadi nyumbani kwake. Akiwa mbele ya muuguzi huyaitikia. Akifika kwa mumewe, kwa mkwewe au kwa Mola wake katika sala, maneno yale hayamfai kitu.

Tuanze na yaliyopatikana, kwani si haki kuyafumbia macho. Kenya ilianzisha mpango wake rasmi wa uzazi mwaka 1967, ikawa ya kwanza kufanya hivyo katika Afrika kusini mwa Sahara. Miaka 10 baadaye, uchunguzi wa mwaka 1977 na 1978 ulionyesha kuwa mwanamke wa Kenya alitarajiwa kuzaa watoto wanane, na kwamba ni wanawake 7 tu katika kila 100 walioolewa waliokuwa wakitumia njia yoyote ya kuzuia mimba. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulipata wastani wa watoto 3.4, na wanawake 57 katika kila 100 walioolewa wakitumia njia za kisasa. Hayo ni mabadiliko makubwa mno kutokea katika umri wa mtu mmoja. Kwale nayo imebadilika, ijapokuwa imekuwa chini ya wastani huo. Swali ni kwa nini, na jawabu la “ujinga” halinitoshelezi.

Litazame kwanza jina lenyewe la shughuli hii. Sisi Wakenya tumeridhika na “kupanga uzazi”. Kitenzi hiki kina wenzake wengi mtaani. Mtu hupanga nyumba, hupanga foleni, na watu wawili wakinong’ona pembeni huambiwa wanapanga jambo. Mbaya zaidi, neno “mpango” limevamiwa na “mpango wa kando”, yaani hawara, hata ikabidi kampeni ya kitaifa ya kupambana na ukimwi iwasihi watu waache mpango wa kando. Mwaka 2013 likaja tangazo la televisheni lililowaambia wenye hawara waweke kondomu mpangoni. Viongozi wa dini, Waislamu kwa Wakristo, walilipigia kelele, na mwezi wa Machi likaondolewa. Basi fikiri mke anayemwambia mumewe usiku, “Nataka kuingia mpangoni.” Sina haja ya kueleza zaidi.

Watanzania walitangulia kwa jina jingine. Chama chao cha uzazi na malezi bora, UMATI, kilichoanzishwa mwaka 1959, kilizoea kusema “uzazi wa majira”. Majira ni neno la mkulima na la mvuvi. Lina kusubiri ndani yake, lina mvua na kaskazi, na halimnyang’anyi Mungu kazi ya kupanga. Siku hizi huko nako wamehamia “uzazi wa mpango”, nami nasikitika, ingawa najua kwamba wanakamati hawaombi ushauri wa wanaisimu.

Yafaa kukumbuka kwamba fikra ya kupisha nafasi kati ya mtoto na mtoto haikuja pwani na wazungu wala na wizara. Jamii za Mijikenda zina maradhi ya mtoto yaitwayo chirwa, ambayo wazee huyahusisha na wazazi kuvunja miiko ya unyumba wakati mtoto angali mchanga. Watanzania wanalo neno la karibu na hilo, kubemenda. Tabibu akimtazama mtoto huyo huona utapiamlo, na huenda amesema kweli, kwa maana mtoto aliyeachishwa ziwa mapema kwa sababu mama ana mimba nyingine hudhoofika mbele ya macho ya watu. Sitaki kuipamba imani hii, kwani aghalabu humtwisha mama lawama zote na kuwacheleweshea watoto matibabu. Hata hivyo ndani yake mna hoja ambayo mtoa huduma angeweza kuianzia: kwamba kumharakisha mtoto wa pili ni kumdhulumu wa kwanza. Hiyo ni hoja ambayo bibi mwenye miaka 70 huko Kinango ataiunga mkono kabla hujaimaliza. Badala yake tunamletea bango lenye baba, mama na watoto wawili wanaotabasamu, wote wakiwa wamevaa viatu, naye anauliza ni jamaa za nani hao.

Neno linalonitia hofu kuliko yote ni “kufunga”. Upasuaji wa kumzuia mwanamke asizae tena tumeuita “kufunga kizazi”. Sijui ni nani aliyekaa mezani akachagua neno hili, lakini bila shaka hakuwa mtu wa pwani. Katika mazungumzo ya huku, kufungwa kizazi ni kitendo cha hasidi. Mwanamke aliyekawia kushika mimba huambiwa amefungwa, na hupelekwa kwa mganga akafunguliwe. Sasa serikali yenyewe inamkaribisha aje afungwe, bila malipo, siku za kazi.

Nasi tumelizidisha tatizo hilo kwa kunyamaza. Chukua sindano ya kila miezi mitatu, ambayo kwa muda mrefu ilikuwa njia iliyotumiwa kuliko zote nchini, na mwaka 2022 bado ilikuwa mbele kidogo ya kijiti cha mkononi. Ni dawa nzuri kwa walio wengi. Lakini tabia yake inajulikana: mwanamke akishaiacha, huenda ikamchukua miezi tisa au kumi tangu sindano ya mwisho kabla uwezo wake wa kushika mimba haujarejea, na wengine huchukua zaidi. Asipoambiwa hivyo waziwazi siku ya kwanza, atahesabu miezi sita, hataona dalili, na neno litakalomjia ni lile lile, kwamba amefungwa. Jirani yake atasikia, na dada yake atasikia. Zahanati itapoteza wateja watano kwa sababu ya sentensi moja ambayo haikusemwa.

Msomaji ataniambia kwamba wauguzi huwaeleza wanawake “madhara”. Naam, na hilo nalo ni neno la kuangaliwa. Dawa yoyote ina matokeo yake ya pembeni: kichefuchefu, kichwa kuuma, uzito kuongezeka, damu kutoka bila utaratibu au kukatika kabisa. Sisi yote hayo tumeyatia katika kapu moja na kuliita madhara. Madhara ni uharibifu. Moto una madhara, mafuriko yana madhara. Mtu akiambiwa kabla ya kuchomwa sindano kwamba itamletea madhara, halafu damu ikakatika mwezi wa pili, ana kila sababu ya kuamini kwamba ameharibika. Wauguzi wa Tanzania hutumia “maudhi madogo madogo”. Hilo nalo silisifu moja kwa moja, maana kuna wanawake ambao maudhi yao si madogo hata kidogo, na kuwaambia ni madogo ni kuwafunga midomo. Lakini angalau neno “maudhi” linakiri kwamba jambo linaweza kumkera mtu pasi na kumwangamiza. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2014 ulipata kwamba karibu wanawake watatu katika kila kumi walioanza njia fulani waliiacha kabla ya mwaka kwisha, na sababu iliyotajwa zaidi ilikuwa ni hofu ya matokeo hayo. Tunapoteza wengi baada ya kuwapata, si kabla.

Nije sasa kwenye damu, jambo ambalo katika mabango yote niliyoyasoma sijaliona likijibiwa. Wadigo, ambao ndio wengi katika ukanda wa Diani, Msambweni hadi Vanga, kwa kiasi kikubwa ni Waislamu. Kwa mwanamke Mwislamu, damu ina hukumu zake. Akiwa katika hedhi haswali, hafungi, wala haingiliwi na mumewe. Sindano au kijiti kinapomletea matone ya damu leo, yakakatika kesho, yakarudi keshokutwa, tatizo lake halisi silo la pedi. Anajiuliza kama swala zake ni sahihi. Ramadhani ikiingia anajiuliza kama saumu yake inahesabiwa. Mumewe naye anauliza itakuwaje mwezi mzima apitiwe mbali. Mama mmoja wa Msambweni, mwenye watoto sita, aliniambia hivi: “Mwalimu, mimi sikuiacha sindano kwa kuogopa kuugua. Niliiacha kwa kuwa sikujua nisali au nisisali. Nilimuuliza daktari, akaniambia ni kawaida.” Daktari anayemtaja ni muuguzi, kwa kuwa huku kila aliyevaa koti jeupe ni daktari.

“Ni kawaida” ni jawabu la swali ambalo mama hakuuliza. Na swali aliloliuliza lina jawabu lililoandikwa karne nyingi zilizopita. Mafakihi wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yanayofuatwa pwani, wanatofautisha damu ya hedhi na damu ya istihadha. Hedhi kwao haizidi siku 15. Damu iliyopindukia hapo ni istihadha, na mwenye istihadha anaswali, anafunga, na ni halali kwa mumewe, kwa masharti ya usafi na udhu yanayofahamika. Mafunzo haya hutolewa madrasani. Kila ustadha wa chuo cha wanawake Ukunda anayajua kama anavyojua jina lake. Pengo lipo kati yake na muuguzi, ambao huenda nyumba zao zimetazamana na hawajawahi kuzungumza juu ya jambo hili. Ningekuwa na mamlaka yoyote katika kaunti hiyo, ningewakutanisha kwa chai ya asubuhi moja tu.

Hapa nimegusa dini, na sitaki nieleweke visivyo. Wapo masheikh wanaopinga njia za kisasa, na ni haki yao kutoa hoja zao. Lakini anayesema Uislamu umekataza tu, bila maelezo, amesoma kurasa chache. Masahaba walifanya azl, yaani kumwaga nje, na hadithi iliyopokewa kutoka kwa Jabir inaeleza kwamba walifanya hivyo wakati Kurani ingali ikishuka. Imamu Ghazali, aliyekufa mwaka 1111 na aliyekuwa Mshafii pia, aliijadili azl kwa kirefu katika Ihya na akairuhusu, akitaja hata hofu ya mtu ya kuelemewa na mzigo wa watoto wengi. Sura ya Al-Baqara inataja kunyonyesha miaka miwili kamili. Kinachobishaniwa baina ya wanavyuoni leo zaidi ni kuzuia uzazi moja kwa moja, si kuupisha nafasi. Tofauti hiyo ni ya maneno mawili tu, “kupisha” na “kukata”, lakini katika vyumba vingi vya ushauri hayatenganishwi.

Lipo neno jingine ambalo tumelipa kazi mbili, nalo ni “kinga”. Msichana wa Diani akichomwa sindano husema amejikinga. Kijana akivaa mpira husema ana kinga. Bango la ukimwi husema tumia kinga. Bango la uzazi lililo ukuta wa pili husema njia za kujikinga na mimba ni hizi. Kwa hiyo kitenzi kimoja kimebeba vitu viwili ambavyo havifanani. Sindano, vidonge, kijiti na kitanzi vyote ni ngao dhidi ya mimba, na hakuna hata kimoja kinachozuia virusi vya ukimwi, kaswende au kisonono. Mpira pekee ndio unaofanya kazi zote mbili. Nimezungumza na wasichana waliomaliza sekondari, wenye Kiswahili safi kuliko changu, ambao waliamini kwa dhati kwamba sindano ya miezi mitatu inapunguza hatari ya ukimwi, kwa kuwa “ni kinga”.

Madhara ya mkanganyo huu, na hapa nalitumia neno mahali pake, tunayaona. Mwaka 2019 yalitolewa matokeo ya utafiti mkubwa uitwao ECHO, uliowafuatilia wanawake 7,829 katika nchi nne za Afrika, Kisumu ikiwa miongoni mwa vituo. Walilinganisha sindano, kitanzi cha shaba na kijiti ili kujua kama kimojawapo kinamzidishia mwanamke hatari ya kuambukizwa. Hawakuona tofauti kubwa baina ya hivyo vitatu, na hiyo ilikuwa habari ya kutuliza. Lakini wanawake 397 waliambukizwa katika kipindi kile, wote wakiwa “wamejikinga” na mimba barabara. Nchini mwetu, uchunguzi wa mwaka 2018 ulipata maambukizi ya asilimia 6.6 kwa wanawake na 3.1 kwa wanaume. Mimi ningependekeza neno kinga liachiwe maradhi peke yake, na habari za mimba zisemwe kwa kupisha, kusubiri au kuzuia. Yumkini wenzangu wa taaluma wataona ninawalazimisha watu maneno. Lugha haiendeshwi kwa amri, nakubali, lakini mabango huchapishwa kwa amri.

Kuhusu mpira wenyewe, nchi hii imekuwa na vituko vyake. Mwaka 1996 Kadinali Maurice Otunga aliongoza uchomaji wa kondomu hadharani jijini Nairobi, na miaka mitatu baadaye, Novemba 1999, Rais Moi akautangaza ukimwi kuwa janga la kitaifa. Leo hakuna anayechoma. Hata hivyo mke wa nikahi huko Ukunda hana njia ya kiungwana ya kumwomba mumewe auvae. Akisema, ama anamtuhumu mumewe kwamba anazurura, ama anajituhumu mwenyewe. Na mwanamke wa pwani amezoea kusema mambo mazito kwa fumbo, kwa jina la kanga, kwa kumtuma shangazi. Somo au kungwi alimfundisha binti mambo ya unyumba kwa mafumbo, si kwa sababu hakujua majina ya viungo, bali kwa sababu fumbo humpa msemaji pa kutokea iwapo msikilizaji atakasirika. Lugha ya zahanati haina fumbo hata moja. Inamwambia mama “zungumza na mwenzi wako”, kisha inafunga kitabu. Ndiyo maana sindano imependwa sana na wake wasioafikiana na waume zao: haionekani, na haihitaji neno lolote kusemwa. Nimewaona wanaoiacha kadi ya kliniki kwa jirani ili isionekane chini ya godoro. Anayedhani hawa hawajui watakalo, na awatazame wanavyohesabu majuma.

Wasichana ndio waliosahaulika zaidi. Kliniki inaitwa ya mama na mtoto. Binti wa miaka 17 wa Diani si mama wala hana mtoto, na anachokitaka ni kusiwe na uzazi wowote wa kupangwa. Akijikaza akaingia, swali la kwanza ni “Umeolewa?” Basi haingii. Anakwenda duka la dawa na kuomba P2. Nimeshangaa mara nyingi jinsi jina hili fupi lilivyofanikiwa mahali ambapo kampeni za mamilioni zimeshindwa. Lina silabi chache, halina maana yoyote, halimtaji mume wala kizazi, na mtu aweza kulisema mbele ya foleni akiwa ametazama pembeni. Bahati mbaya ni dawa ya dharura, ya kumezwa ndani ya saa 72, wala haikukusudiwa kuwa chakula cha kila Jumapili, na kwa maradhi haizuii chochote.

Na Diani haifanani na vijiji vingine. Mwaka 2006 UNICEF pamoja na serikali walitoa uchunguzi kuhusu watoto wanaotumiwa kingono katika Malindi, Mombasa, Kilifi na Diani, wakakadiria kwamba wasichana kati ya 10,000 na 15,000 wa maeneo hayo walikuwa wameingia katika biashara hiyo kwa vipindi mbalimbali. Takwimu hizo sasa ni za zamani, ila ufuo na hoteli bado vipo, na umaskini wa vijiji vilivyo nyuma ya barabara ya lami upo pia. Msichana anayekutana na mtu mwenye fedha na umri mara tatu ya wake hana uwezo wa kudai mpira hata akijaliwa maneno yote ya kamusi. Hapo isimu inafika ukingoni mwake, na panahitajika polisi, mahakama na kazi.

Ningependa kutaja mfano mmoja wa maneno yaliyofaulu, ili nisionekane mtu wa kulalamika tu. Mwaka 1993 Redio Tanzania Dar es Salaam ilianza mchezo uitwao “Twende na Wakati”. Ndani yake alikuwamo dereva wa lori, Mkwaju, mpenda wanawake njiani, na mkewe Tunu aliyechoka hatimaye akaanza kujitegemea. Wasikilizaji walimpokea Mkwaju hata jina lake likawa neno: mwanamume mzinzi mtaani akaitwa Mkwaju. Hilo ndilo jambo lililokuwa likikosekana. Mke alipata namna ya kumwambia mumewe habari za ukimwi kwa kumsema mtu mwingine, naye mume aweza kucheka huku ujumbe umefika. Sisi pia tuliwahi kuwa na “Tushauriane” kwenye televisheni na “Ushikwapo Shikamana” redioni katika miaka ya 1980, majina yaliyotoka ndani ya Kiswahili na ambayo mtu yeyote wa Gazi au Shimoni angeyaelewa bila mkalimani. Baadaye tukageukia kaulimbiu zinazobuniwa Nairobi kwa Kiingereza na kutafsiriwa usiku wa kuamkia uzinduzi.

Tena Kiswahili chenyewe si mwisho wa safari. Bibi wa Kinango anaota ndoto zake kwa Chiduruma, na mchetu wa Kidigo, yaani mwanamke, anajua kwa lugha ya mamake majina ya uchungu ambayo Kiswahili sanifu hakina. Muuguzi aliyetoka bara kwa uhamisho hana kosa kwa kutoijua Chidigo. Kosa ni kumwacha hivyo mwaka wa kwanza hadi wa tano. Sheria tunayo: Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mtoa huduma amweleze mgonjwa habari zake, inapowezekana, kwa lugha anayoielewa na kwa kuzingatia kiwango chake cha kusoma. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inaitaja afya ya uzazi kwa jina miongoni mwa haki, na kifungu cha 7 kinaiagiza serikali kuendeleza lugha za kienyeji. Huduma za afya ziko mikononi mwa kaunti tangu mwaka 2013. Kwa hiyo hakuna wa kumtupia mpira huu.

Najua nitakayoambiwa: kwamba mwanamke aliyetembea saa mbili juani akakuta rafu tupu hatafarijiwa na istilahi nzuri. Ni kweli tupu. Mapema mwaka 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake, na katikati ya mwaka huo tukasikia kwamba dawa na vifaa vya kuzuia mimba vya thamani ya dola milioni 9.7 vilikuwa vimelundikwa katika ghala nchini Ubelgiji vikisubiri kuteketezwa, ilhali sehemu kubwa ilikuwa imekusudiwa nchi tano za Afrika, Kenya na Tanzania zikiwamo. Anayetegemea ghala la mwingine hulala na wasiwasi, na kaunti zetu hazina budi kutenga fedha zao wenyewe kwa ajili ya vitu hivi, katika bajeti, kwa tarakimu zinazoonekana. Lakini ninasisitiza kwamba rafu ikijaa na maneno yakabaki yalivyo, vidonge vitakwisha muda wake vikiwa kwenye pakiti.

Gharama ya ninayoyaomba ni ndogo. Kila muuguzi mgeni akae wiki mbili na wakunga na wanawake wa kijiji atakachohudumia, aandike katika daftari wanavyoita hedhi, ujauzito, kuharibika kwa mimba na kupisha nafasi. Ustadha mmoja aalikwe kliniki mara moja kwa mwezi kujibu maswali ya damu na ibada. “Kufunga kizazi” kupewe jina jingine na wanawake wenyewe waliokwisha kuzaa na kutosheka, maana wao ndio wanaojua wangependa kuitwaje. Chumba kimoja kisichoitwa cha mama na mtoto kifunguliwe jioni kwa ajili ya wasichana wa Diani na Ukunda, na anayekaa humo asiulize habari za ndoa. Na bango lijalo, kabla halijachapishwa, lisomwe kwa sauti mbele ya kina mama kumi wa Msambweni, kisha waulizwe ni sentensi gani kati ya hizo wanayoweza kuisema kwa waume zao usiku ule ule.

Nilipomweleza mama yule wa watoto sita habari za istihadha, kama nilivyoelezwa mimi na wanaojua, alinyamaza kitambo, akauliza zahanati hufunguliwa saa ngapi siku ya Jumatatu.